Muulize Mwalimu wa Fizikia: Je, maji huteleza ndani ya bomba?

Mwezi uliopita niliandika kuhusu jani la nduma. Nilieleza kwamba jani hilo limejaa vinundu vidogo mno vyenye nta, kwamba tone la maji hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo huku hewa ikibaki katikati yake, na kwamba ndiyo sababu tone hubiringika likaanguka bila kuacha unyevu. Barua zilizofuata zimenifurahisha, kwa maana karibu zote zinauliza jambo ambalo sikuligusa. Haziulizi habari za tone lililotulia, zinauliza habari za maji yanayopita. Yakipita juu ya kitu kisichoshika maji, yatakwenda kwa kasi zaidi? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaiegemea.

Fundi wa mabomba, Nakuru, anauliza:
"Mwalimu, nina mteja mwenye nyumba ya ghorofa tatu. Tangi liko juu ya paa, lakini bafu la ghorofa ya juu kabisa maji yanadondoka tu. Kijana mmoja ameniambia kuna dawa ya kumimina ndani ya bomba, ikikauka inafanya bomba lisishike maji, na ati presha itapanda. Nimuuzie mteja hiyo dawa?"

Hapana, fundi. Usimuuzie. Wazo la kijana huyo lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli usiofika kwenye bomba lako, na ningependa uelewe kwa nini ili siku nyingine usiyumbishwe na muuzaji.

Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei. Yale ya katikati yanakimbia, yanayofuata yanakwenda polepole zaidi, na kadiri unavyokaribia ukuta ndivyo kasi inavyopungua hadi safu ya mwisho inasimama kabisa. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Tazama boneti ya matatu iliyotoka Kisumu ikaingia Nakuru. Imepigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa njia nzima, na bado ina vumbi laini juu yake. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kulala ndani ya hewa iliyoganda kwenye bati, mahali ambapo upepo haufiki kwa nguvu ya kuzing'oa.

Mhandisi Mfaransa Claude-Louis Navier, mwaka 1823, alikubali kwamba huenda safu ile ya mwisho ikateleza kidogo. Kutokana na hoja yake tumepata kipimo kinachoitwa urefu wa utelezi. Chora kasi ya maji kuanzia katikati ya bomba kuelekea ukutani. Kama maji yanateleza, mstari wako utafika ukutani kabla kasi haijaisha. Uendeleze mstari huo, uingie ndani ya ukuta, mpaka pale ambapo kasi ingefika sufuri. Umbali kutoka uso wa ukuta hadi hapo ndio urefu wa utelezi. Ukuta usiotelezesha maji una urefu wa sufuri, na wahandisi wamejenga mabomba na mifereji yao yote kwa kuchukulia hivyo, bila hasara yoyote.

Vyombo vya kupima jambo hili kwa uhakika vilichelewa mno kuja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara kadhaa zilipima maji yakipita juu ya kioo laini kilichofunikwa na kitu kisichopenda maji, na majibu yakagombana. Wapo waliopata utelezi wa mikrometa nzima. Waliopima kwa uangalifu zaidi, wakahakikisha kioo ni safi na hakina viputo vya hewa vilivyojificha, walipata nanometa 20 hivi. Milimita moja ina nanometa milioni moja, na mikrometa moja ina nanometa elfu moja. Unywele wa binadamu una upana wa nanometa kati ya 50,000 na 100,000.

Sasa piga hesabu. Kwa maji yanayopita kwa utulivu ndani ya mrija, zidisha urefu wa utelezi kwa 4, kisha ugawanye kwa nusu kipenyo cha mrija. Jibu ndilo ongezeko la maji utakalopata. Bomba lako la nusu inchi lina nusu kipenyo cha milimita 7 hivi, yaani nanometa milioni 7. Zidisha 20 kwa 4, gawanya kwa milioni 7: ni kama sehemu moja katika laki moja. Mteja akijaza mtungi wa lita 20, utelezi utakuwa umemzidishia matone manne au matano. Kweli, ndani ya bomba la nyumba maji huvurugika na hesabu inakuwa ngumu kuliko hii, lakini hata hapo faida ni ndogo kiasi cha kutoonekana.

Utaniambia: lakini jani la nduma si kioo laini, lina hewa. Sawa kabisa, na hapo ndipo jambo linaponoga. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, Marekani, watafiti walipitisha maji ndani ya vijia vyembamba ambavyo sakafu yake ilikuwa na matuta madogo yasiyoshika maji. Maji yalipita juu ya vilele vya matuta, na mabondeni kukabaki hewa. Mnato wa hewa, yaani uzito wake wa kutiririka, ni kama sehemu ya hamsini tu ya mnato wa maji, kwa hiyo penye hewa maji hayakupata cha kuyazuia. Urefu wa utelezi ulipita mikrometa 20, maana yake mara elfu moja zaidi ya kioo laini, na presha iliyohitajika kuyasukuma maji ilipungua kwa hadi asilimia 40. Ila vijia vyenyewe havikuwa na kina cha hata theluthi moja ya milimita.

Ukichukua ukuta huo ukautia ndani ya bomba la mteja wako, hewa itafukuzwa. Kinachoyazuia maji yasizame mabondeni ni mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayoufanya uso huo ujikaze kama ngozi, na pengo likiwa na upana wa mikrometa 30, mvutano huo hauwezi kubeba hata kimo cha nusu mita ya maji. Tangi lako liko mita ngapi juu ya bafu la chini? Isitoshe, hewa iliyonaswa huyeyuka polepole ndani ya maji yanayopita. Na mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba chembechembe za vitu vya jamii ya sabuni, hata kwa kiasi kidogo ambacho ni vigumu kukiepuka maabarani, hutosha kuua sehemu kubwa ya utelezi huo. Chembe hizo hujikusanya kwenye uso unaogusa hewa, zikasongamana upande mmoja, na uso uliotakiwa kuteleza ukakakamaa.

Tatizo lako liko kwingine, fundi. Bafu la ghorofa ya juu liko karibu mno na tangi. Kila mita moja ya kimo huleta kilopaskali 10 tu za presha, na nyumba nyingi nilizoziona zina mita moja na nusu au pungufu kati ya tangi na bafu hilo. Inua tangi kwa stendi ya chuma, ondoa elbo zisizo na kazi, na toka tangini kwa bomba la robo tatu inchi badala ya nusu. Kupanua hivyo peke yake, kwa presha ile ile, hukupa karibu mara tatu ya maji. Pesa ya dawa inunue bomba.

Mama mkulima, Vihiga, anauliza:
"Nikipiga dawa sukuma wiki, dawa inabiringika yote inaanguka chini na wadudu wanabaki. Jirani anasema nitie sabuni ya unga kwenye pampu. Ni vizuri?"

Mama, jirani ameona jambo la kweli. Jani la sukuma lina ule unga mweupe wa nta unaoufuta kwa kidole, na nta hiyo hulifanyia kazi ile ile inayofanywa kwenye nduma. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji hadi chini ya nusu, tone likashindwa kujikunja, likatandaa na kuingia katikati ya nta.

Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo ninayoikataa. Ni kali kwa jani, hulichubua nta na kulibabua, na hufanya maji yawe ya alkali, hali ambayo huvunja baadhi ya dawa kabla hazijafanya kazi. Nenda agroveti uulize ile wanayoiita stika, uitie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa wala usizidishe, kwa maana ikizidi dawa hutandaa mno kisha ikachuruzika chini vile vile. Fungua pua ya pampu itoe ukungu mwembamba, na upige chini ya jani, kwani vidukari hukaa huko. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa, tafadhali zihesabu. Sukuma hiyo ni chakula cha watoto wetu.

Mzee aliyekuwa mvuvi, Naivasha, anauliza:
"Mwalimu, umesema habari za nduma. Sisi hapa ziwani tulisumbuliwa na yale magugu yanayoelea yenye manyoya juu ya jani. Ukilizamisha jani lake na kulitoa, ni kavu. Na hata likikaa chini ya maji muda mrefu, hewa yake haitoki upesi. Hiyo ni kwa nini?"

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa furaha. Magugu hayo ni salvinia, asili yake Amerika ya Kusini, na yalianza kulisumbua Ziwa Naivasha miaka ya 1960. Ulichokiona kwa macho yako ndicho kilichowashughulisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wakiongozwa na mtaalamu wa mimea Wilhelm Barthlott, ambaye pia ndiye aliyefafanua siri ya jani la yungiyungi mwaka 1997.

Chukua jani moja ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Kila unywele umegawanyika mara nne, na matawi hayo manne yamejipinda yakakutana tena nchani, umbo la kipigio cha mayai. Unywele wote umefunikwa na nta isiyopenda maji. Lakini Barthlott na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba ncha yenyewe, pale matawi yanapokutana, haina nta. Ncha inapenda maji. Ukilifikiri haraka utaona ni kasoro, kumbe ndiyo siri yote. Nywele zinayazuia maji yasishuke, na ncha zinayashika maji yasiondoke. Uso wa maji unakuwa umefungwa mahali pake juu na chini, kiputo cha hewa kikitaka kuchomoka hakipati mwanya. Nduma haina ncha za namna hiyo, ndiyo sababu hewa yake hutoka mapema. Jani la salvinia laweza kushikilia hewa yake chini ya maji kwa wiki kadhaa.

Wanaotaka meli zipite baharini juu ya tandiko la hewa na kuchoma mafuta kidogo wanalisoma jani hilo kwa makini, kwa kuwa ugumu wao mkubwa ni huo huo niliomweleza fundi: kuizuia hewa isitoroke. Sisi tulilijua kwa kulichukia tu, kwa sababu lilifunga njia za mitumbwi, na hatukuwa na makosa kulichukia.

Mzazi, Njoro, anauliza:
"Maji ya kisima chetu yana floridi na meno ya watoto wangu wawili yamekuwa ya kahawia. Nimesoma kwamba kuna mirija ya kaboni inayopitisha maji kwa kasi mara elfu moja na kusafisha. Itatufikia lini?"

Ndugu yangu, barua hii imenikaa moyoni. Floridi ni janga la Bonde la Ufa, inatoka kwenye miamba ya volkano chini ya miguu yetu, na wanaoumia ni wadogo ambao meno yao ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi. Nitaeleza habari za mirija, kisha nikuambie la kufanya leo.

Mirija ya kaboni ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyokunjwa kuwa bomba. Mwaka 2006, katika maabara ya Lawrence Livermore, California, walitengeneza utando wenye mabilioni ya mirija hiyo, kila mmoja ukiwa na kipenyo kisichofika nanometa 2. Molekuli ya maji ina upana wa nanometa 0.3 hivi, kwa hiyo ndani ya mrija huo zinaenea chache tu bega kwa bega. Maji yalipita kwa wingi uliozidi mara elfu moja ule ambao hesabu za kawaida zilitabiri. Rudi kwenye kanuni niliyompa fundi uone sababu: nusu kipenyo kikiwa cha nanometa moja, hata utelezi mdogo unakuwa mkubwa kuliko mrija wenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Paris walifanikiwa kupima mrija mmoja mmoja. Mrija wa kaboni wenye nusu kipenyo cha nanometa 15 ulikuwa na urefu wa utelezi wa nanometa 300 hivi, na kadiri mrija ulivyokuwa mwembamba ndivyo maji yalivyoteleza zaidi. Kisha wakajaribu mirija ya naitraidi ya boroni, ambayo atomu zake zimepangwa kwa mtindo ule ule wa pembe sita, na hawakuona utelezi wowote. Mimi jambo hili hunikosesha usingizi. Ukuta una umbo lile lile, ulaini ule ule, na maji yanautambua kuwa si ule. Tofauti iliyobaki iko kwenye elektroni za ukuta wenyewe, na wanafizikia wangali wanajadiliana namna elektroni hizo zinavyoyavuta au kuyaachia maji. Kumbe kuchukia maji peke yake hakutoshi kueleza utelezi unapofika kwenye vipimo hivyo.

Lakini shika hili: utelezi hausafishi. Unapunguza nguvu ya kusukuma maji tu. Kinachozuia floridi isipite ni upana wa tundu na chaji za umeme zilizoko mdomoni mwake, na floridi ni ayoni ndogo, yaani atomu yenye chaji ya umeme. Tundu la nanometa 2 lisilo na chaji linaweza kuipitisha pamoja na maji. Akija mtu kukuuzia chujio huku akikusifia kasi, muulize inaondoa miligramu ngapi za floridi kwa lita, na umwombe cheti cha maabara.

Watoto wako hawawezi kusubiri mirija. Usichemshe maji ukidhani floridi itakwisha. Maji hupungua kwa mvuke na floridi inabaki yote, ikawa nzito zaidi. Maji ya mvua hayana floridi ya kutajika. Weka gata na tangi, na maji hayo yawe ya kunywa na kupikia tu, kisima kiwe cha kufulia. Pili, kuna mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mfupa uliochomwa vizuri una madini yanayoikamata floridi na kuachia kitu kingine badala yake. Hushiba baada ya muda na ni lazima ubadilishwe, kwa hiyo maji yapimwe mara kwa mara. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli ya kisima chako ipimwe ujue uko wapi, na umpe kipaumbele mtoto aliye chini ya miaka minane.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisumu, anauliza:
"Mwalimu, nataka kuonyesha utelezi wa maji kwenye maonyesho ya sayansi. Nina mrija wa kioo wa maabara wenye tundu la milimita moja. Nikiupaka nta ndani na kupima muda wa maji kupita, nitaona tofauti?"

Mwanangu, nimependa kwamba umefikiria kupima. Sasa pima kwanza kwa kalamu. Nusu kipenyo chako ni milimita 0.5, yaani nanometa 500,000. Ukitumia nanometa 20, ongezeko ni asilimia 0.016. Wakati huo huo, mnato wa maji hupungua kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Joto la mkono wako ulioshika mrija litabadilisha muda kuliko utelezi wote. Tena nta utakayoipaka itapunguza upana wa tundu, na wingi wa maji hufuata nusu kipenyo kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Tundu likipungua kwa asilimia 1, maji hupungua kwa asilimia 4. Utaona maji yanachelewa, uandike kwamba nta inazuia maji, na hitimisho lako liwe kinyume cha ukweli.

Fanya hivi badala yake. Washa mshumaa, shika kijiko cha chuma juu ya ncha ya mwali kikusanye masizi mpaka kiwe cheusi kote, ukiache kipoe. Kizamishe polepole ndani ya gilasi ya maji, kisha ukitazame kwa upande. Masizi meusi yatang'aa rangi ya fedha. Hiyo ni hewa, tandiko jembamba lililoshikwa kati ya chembe za masizi, na mwanga unaruka juu yake. Kitoe, ni kikavu. Ndani ya maji yale yale tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, ukizamishe tena, na utaiona fedha ikifa kipande kwa kipande mbele ya macho yako.

Kisha pima kwa namba. Chukua kipande cha kioo kitupu, kingine cha masizi, jani la mwembe na jani la nduma la kutoka kando ya mto. Weka tone la ukubwa ule ule kwa bomba la sindano, inamisha ubao polepole, uandike pembe ambayo tone linaanza kuondoka. Rudia kila kimoja mara nyingi, kwa maana majani hayafanani. Piga picha ya tone kwa simu ukiwa umeiweka sawa na uso wa meza, upime pembe kati ya tone na uso. Juu ya kitu laini, hata kiwe cha kuchukia maji namna gani, pembe hiyo haipiti nyuzi 120 hivi. Juu ya nduma utapata zaidi. Waeleze majaji kwamba zile nyuzi za ziada zinatokana na vinundu na hewa, uwape kijiko wazamishe wenyewe. Na joto la chumba uliandike kila siku unayopima.